Damu Haina Kitu

"Ninyi si mlisema damu ya Doto haina kitu?"

Mama yake aliniuliza hivyo asubuhi, akiwa amesimama kwenye mlango wa wodi yetu ndogo, kanga moja begani na nyingine ameikunja mkononi, na nyuma yake ziwa limetulia kabisa. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba alisikia vizuri. Na alikuwa amesikia vizuri, kwa sababu maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe saa mbili ya usiku uliopita, nikiwa nimeshika kipimo cha haraka cha malaria kilichotoa mstari mmoja badala ya miwili.

Nilimjibu jambo ambalo sasa silikumbuki. Swali lake nalikumbuka kila neno, na hii ni wiki ya saba.

Mimi ni tabibu katika kituo kidogo cha afya kwenye kisiwa kimoja cha upande wa Ukerewe, katika Ziwa Victoria. Nimeandika hapa mara nyingi kuhusu kichocho, maji na uzazi wa visiwani, lakini hili sikuwa tayari kuliandika mpaka nipate kuelewa nilichokuwa nimekisema usiku ule. Kusema kwamba damu ya mtoto haina kitu ni kusema jambo zito sana, na sisi hulisema kila siku.

Mapacha

Kila pacha wa huku ni Kulwa au Doto, kwa hiyo naweza kuyaacha majina yao yalivyo bila kumfichua mtu.

Walikuwa na umri wa miaka miwili na miezi minane. Waliletwa kwa mtumbwi kutoka kambi ya dagaa, pamoja na mama yao, mama yao mdogo, na mdogo wao Shija aliyekuwa mgongoni. Baba yao alikuwa ziwani, kwa kuwa kilikuwa kipindi cha giza, usiku usio na mwezi, na giza ndilo msimu wa dagaa. Wote wawili walikuwa na homa ya siku tatu na kikohozi. Kadi zao za kliniki zilionyesha chanjo zote. Walilala kibanda kimoja, walivuta moshi wa jiko moja, na nadhani waliambukizana wao kwa wao.

Niliwahesabia pumzi kwa dakika nzima kila mmoja, kama tulivyofundishwa. Kulwa alipumua mara 58, Doto mara 52. Kwa umri wao, kuanzia mara 40 kwenda juu ni kupumua kwa kasi, kwa hiyo wote walikuwa na nimonia. Kifua cha Kulwa kilikuwa kikibonyea chini ya mbavu kila alipovuta hewa, na alikuwa akilia kwa nguvu na kuusukuma mkono wangu. Kipima oksijeni cha kidoleni kilisoma 91 kwa Kulwa na 93 kwa Doto.

Doto alikuwa amepakatwa na mama yake mdogo, ameshika biskuti. Hakuwa akiila, ila aliishika. Nilipompa maji alikunywa, na nilipomwita aliniangalia.

Vipimo vya malaria vya wote wawili vilikuwa hasi. Nilitoa damu kidogo kwa ajili ya wingi wa damu, nikaweka vichupa viwili vyenye vifuniko vya zambarau kwenye kishikizo cha mbao, kimoja nimekiandika K na kingine D. Vilifanana kabisa. Kulwa tulimwanzishia sindano na kumlaza karibu na mashine yetu ya oksijeni, ambayo ni moja tu. Doto alipewa amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha kwenye kijiko, na nikasema alale hapo hapo hadi asubuhi, kwa kuwa upepo ulikuwa umeanza na hakuna mtumbwi ambao ungewarudisha kambini.

Mimi niliketi kwenye kiti karibu na Kulwa.

Saa tisa usiku mama mdogo aliniita. Kipimo cha kidoleni kilisoma 78. Tulimhamishia Doto mashine, tukampa sindano, tukafanya yote tuliyoweza kufanya. Alifariki kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Kulwa alivushwa kulipokucha, akalazwa siku sita, akapona.

Damu iliulizwa jambo moja

Kwa siku za kwanza nililitafuta kosa langu mahali ambapo tabibu yeyote angelitafuta. Je, nilihesabu vibaya? Je, utulivu wa Doto ulikuwa dalili ya hatari ambayo niliichukua kuwa nafuu? Nadhani sehemu ya jibu ipo hapo, na sitajitetea. Mtoto anayelia humfanya mhudumu amkimbilie, na anayenyamaza husubiri. Lakini swali la mama lilikuwa linahusu damu, na kila nilipolikwepa lilirudi.

Kipimo cha malaria huiuliza damu jambo moja: je, una protini ya vimelea hivi? Damu ya Doto ilijibu kwamba haina, na ilijibu kwa ukweli. Mimi ndiye niliyelichukua jibu la swali moja nikalifanya kuwa jibu la maswali yote.

Mwanzoni nilidhani swali lililokosekana lilikuwa ni mdudu gani aliyemuua. Nilipoanza kusoma niligundua kwamba hata katika hospitali kubwa, zenye maabara ya kuotesha bakteria, swali hilo mara nyingi hukosa jibu. Maambukizi yanakaa ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu, na bakteria huonekana katika damu ya watoto wachache tu wenye nimonia. Kohozi la mtoto wa miaka miwili halipatikani kwa urahisi, na virusi vinavyopatikana puani huenda viko pia kwa mtoto mwenye afya anayecheza nje.

Kwa hiyo kulikuwa na swali jingine. Nililikuta kwa bahati, nikiwa natafuta kitu tofauti.

Ndoano

Juu ya baadhi ya seli nyeupe za damu, hasa nyutrofili na monosaiti, kuna protini iitwayo TREM-1. Axel Bouchon, Jes Dietrich na Marco Colonna ndio walioitangaza, mwaka 2000. Ni kipokezi, yaani sehemu ya seli inayotokeza nje ikingoja kuguswa na kitu maalumu. Ndani ya utando wa seli kipokezi hiki kimeshikamana na protini nyingine iitwayo DAP12, na hiyo ndiyo inayopeleka habari ndani. Habari yenyewe haiwi ya kwanza, kwa sababu kuna vipokezi vingine vilivyokwisha kutambua kwamba bakteria wameingia. Kazi ya TREM-1 ni kuikuza habari hiyo, ili seli iliyokuwa itoe kemikali kidogo za kuita wenzake itoe nyingi, na inflamesheni, ule moto wa mwili wa kupambana na ugonjwa, uwake kwa ukubwa mwingine kabisa.

Nimekulia kwa watu wa ndoano, kwa hiyo nililielewa jambo hili kwa namna ya kwetu. TREM-1 ni ndoano iliyoning'inizwa nje ya mtumbwi, na DAP12 ni mkono wa mvuvi ulioshika mshipi. Samaki akiuma, mkono unashtuka na mtumbwi mzima unaamka.

Sasa vita vinapopamba moto, vimeng'enya vya jamii ya metaloproteinasi hukata sehemu ya nje ya kipokezi hicho ikaachana na seli. Seli yenyewe pia inaweza kutengeneza toleo fupi la protini hiyo, lisilo na sehemu ya kushikia utando. Vipande hivi huelea katika damu na katika majimaji ya mapafu. Ndicho kipokezi huru, na wanasayansi huliwekea jina lake herufi ndogo mbele: sTREM-1.

Ndoano iliyokatika bado ina ncha, na samaki bado anaweza kuimeza. Tofauti ni kwamba upande wa pili hakuna mkono wa kushtuka.

Hapa nilisimama kwa siku kadhaa, kwa sababu maana yake inakwenda pande mbili. Wingi wa ndoano zilizokatika unaweza kuwa kipimo cha ukubwa wa vita. Lakini unaweza pia kuwa kazi ya mwili wenyewe kuzima moto, kwa kuwa kila samaki anayenaswa na ndoano isiyo na mkono ni samaki mmoja ambaye hataiamsha seli nyingine. Mwaka 2001 kundi la Colonna lilionyesha upande huo wa pili kwa panya: walipowapa kipokezi hicho kikiwa kimeunganishwa na kipande cha kingamwili, kikaelea mwilini kama chambo cha bandia, panya wengi zaidi walinusurika mshtuko wa sepsisi, yaani mwili kuzidiwa na maambukizi. Na samaki mwenyewe? Mmoja wao alitambuliwa mwaka 2015. Anaitwa PGLYRP1, protini inayotolewa na nyutrofili zenyewe na inayojua kushika ukuta wa bakteria. Maana yake ni kwamba sehemu ya kinachovuta ndoano hutoka kwa wenyeji wa mtumbwi.

Pikogramu tano

Mwaka 2004, huko Nancy, Ufaransa, Sébastien Gibot na wenzake walichapisha utafiti ambao nilipousoma nilisimama, nikatoka nje, nikarudi nikausoma tena.

Walikuwa na wagonjwa 148 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia na wakishukiwa kuwa na nimonia. Mgonjwa wa namna hiyo ni fumbo gumu, kwa sababu picha ya kifua imejaa vivuli, homa ina sababu kumi, na kila kitu kinafanana na kila kitu. Waliosha sehemu ndogo ya pafu kwa maji, wakayavuta maji yale, wakatafuta sTREM-1 ndani yake. Kikomo walichokiweka kilikuwa pikogramu 5 kwa mililita, na pikogramu ni sehemu moja ya trilioni ya gramu. Kipimo hicho kiliwatambua asilimia 98 ya wenye nimonia ya bakteria au fangasi, na kikawaondoa hatiani asilimia 90 ya wasio nayo. Kilishinda dalili zote na vipimo vingine vyote walivyovilinganisha navyo.

Nilidhani nimefika. Nilianza hata kuandaa kichwani makala tofauti na hii.

Halafu nikasoma waliofuata. Makundi mengine yalirudia kipimo hicho kwa wagonjwa wa aina hiyo hiyo, na baadhi yao hawakupata kitu kinachokaribia namba zile. Viwango vya wenye nimonia na vya wasio nayo vilipishana na kuingiliana. Wengine walikipata kipokezi huru kikiwa juu kwa watu waliovimba kongosho, kwa watu waliofufuliwa baada ya moyo kusimama, na kwa wenye magonjwa ya uvimbe wa utumbo. Wengi wa watu hao hawakuwa na bakteria wa kulaumiwa. Kipokezi kilichokuwa kimesifiwa kwa kumtambua mdudu kilikuwa kikipanda hata pale ambapo mdudu hakuwapo.

Usiku huo nililala na uchungu, kana kwamba nimenyang'anywa kitu.

Ilinichukua siku mbili kutambua kwamba nilikuwa nimelirudia kosa la saa mbili usiku. Nilikuwa nakiuliza kipokezi hiki swali lile lile la malaria: je, mdudu yupo au hayupo? Lakini TREM-1 haijui majina ya wadudu. Inachojua ni jinsi seli za mwili zilivyoamka, na mwili unaamka kwa kongosho kama unavyoamka kwa bakteria. Kama kipokezi kilikuwa kikisema kweli muda wote, basi kilikuwa kikijibu swali ambalo waulizaji hawakuwa wameliuliza.

Panya wasiokubaliana

Kabla ya kwenda mbele lazima niseme kilichonizuia kufurahi kwa haraka mara ya pili.

Ikiwa TREM-1 inakuza moto, na moto mkubwa unaharibu mapafu, mtu atadhani kwamba kuikata au kuiziba ni faida tupu. Mwaka 2013 watafiti walichukua panya waliozaliwa bila TREM-1 na ndugu yake TREM-3, wakawaambukiza mapafu kwa bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa. Panya hao walikufa zaidi kuliko wenzao. Nyutrofili zao zilitoka kwenye damu, zikafika kwenye mapafu, halafu zikakwama kwenye nyama ya pafu, zisiweze kupenya ukuta wa mwisho na kuingia mahali penye hewa, ambako bakteria walikuwa wakizaliana. Askari walifika mlangoni na hawakuwa na ufunguo. Mwaka uliofuata, panya wa aina hiyo hiyo walioambukizwa nyumokokasi, bakteria anayeongoza kwa nimonia ya watoto, nao walifanya vibaya kuliko wenzao.

Lakini mwaka huo huo wa 2014, panya wasio na TREM-1 walioambukizwa virusi vya mafua waliumwa kidogo kuliko wenzao, na virusi vilisafishwa mwilini kwa kasi ile ile.

Dhidi ya bakteria mwili ulihitaji ndoano zote zibaki mahali pake, na kwa mafua ndoano zilikuwa zinaumiza bila kusaidia. Sijui mapafu ya Doto yalikuwa na yupi kati yao, au wote wawili, kwani mafua humfungulia nyumokokasi mlango mara nyingi. Ndiyo maana simwamini mtu anayezungumzia kuziba kipokezi hiki kama jambo jepesi. Dawa ya kuigiza kipokezi huru, iitwayo nangibotaidi, imekwisha kufikishwa kwa wagonjwa wa mshtuko wa sepsisi katika majaribio ya hospitali, na hadi sasa haijapata nafasi katika matibabu ya kawaida. Naielewa tahadhari hiyo.

Ninachokiweza mimi ni upande wa kwanza tu: kuzihesabu ndoano zinazoelea.

Ng'ambo ya ziwa

Utafiti mwingine niliusoma nikiwa Mwanza mjini, nimeketi bandarini nikisubiri meli ya Nansio, simu ikiwa na asilimia 11 za chaji.

Ulichapishwa mwaka 2021, na watoto wake walikuwa wa Uganda, waliofikishwa hospitali ya Jinja. Jinja iko ukingoni mwa ziwa letu hili, pale Mto Naili unapoanza safari yake. Maji niliyokuwa nikiyatazama wakati nasoma ndiyo yanayotokea kule. Nilikuwa nimesoma kuhusu Nancy kwa mwezi mzima, na jambo lililonihusu kuliko yote lilikuwa limefanyika ng'ambo.

Watoto walikuwa 2,502, wote wenye homa. Walichukuliwa damu walipofika, kabla mtu yeyote hajajua nani ataondoka kwa miguu yake. Watafiti walipima sTREM-1 pamoja na alama nyingine 10 za kinga na za mishipa ya damu, kisha wakangoja kuona nani atafariki. Hawakuuliza ni mdudu gani. Kulikuwa na malaria, nimonia na mengine, yamechanganyika kama yanavyochanganyika kwenye benchi letu kila asubuhi. Kipokezi huru kiliwazidi wenzake wote 10.

Kwa kiwango chake waliwagawa watoto mafungu matatu. Fungu la hatari ndogo lilikuwa na watoto 1,306, na makadirio ya vifo yalikuwa asilimia 0.5. Fungu la kati lilikuwa na watoto 942, asilimia 3.9. Fungu la hatari kubwa lilikuwa na watoto 212, na hao walikadiriwa kufa asilimia 31.8.

Karibu mmoja kati ya watatu.

Nilizisoma namba hizo mpaka simu ikazima. Watoto 212 kati ya zaidi ya 2,400 ni wachache kiasi kwamba muuguzi mmoja anaweza kujua nyuso zao. Nilifikiria kishikizo changu cha mbao, vichupa viwili, K na D, na kwamba katika kimoja kati ya hivyo huenda palikuwa na namba ambayo ingenifanya nihamishe kiti.

Nasema huenda, na neno hilo nimelipima. Doto angeweza kuwa kwenye fungu la kati, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa linamwambia mhudumu awe macho bila kumwambia awe macho kwa nani. Angeweza hata kuwa kwenye fungu la chini: nusu ya asilimia ya watoto 1,306 ni watoto sita au saba, na kila mmoja wao alikuwa na mama. Tena utafiti huu ulihusu watoto wenye homa waliofika hospitali ya rufaa; kituo kama chetu, ambako mtoto hufika siku ya kwanza au ya tatu ya ugonjwa, ni mahali pengine. Kuna utafiti mwingine wa kipokezi hiki kwa watu wazima wenye homa katika kliniki za Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2020, nao ulikikuta kikiwatangulia wengine katika kuonyesha nani yuko hatarini, ingawa hao hawakuwa watoto wa miaka miwili.

"Hata ungejua, ungefanya nini?"

Muuguzi mwenzangu, dada mwenye miaka mingi kazini kuliko mimi, alinisikiliza nilipomweleza haya yote wakati wa chai. Aliweka kikombe chini akasema, "Daktari, hata ungejua, ungefanya nini? Mashine ni moja. Boti haikuwapo. Upepo ulikuwa ule ule."

Hili ndilo swali gumu kuliko la mama, na sikuwa na jibu siku hiyo. Alikuwa na haki. Kipimo kisichoambatana na oksijeni, mafuta ya boti na mtu wa kukesha ni njia ya kujua mapema jambo utakalolishindwa baadaye. Zaidi ya hapo, sTREM-1 hupimwa kwenye maabara, kwa sahani yenye vishimo 96, kwa saa kadhaa, na kwa umeme usiokatika. Kwetu umeme wa sola huanza kufifia saa nne usiku. Mpaka kipimo hicho kiwe kipande cha plastiki kama kile cha malaria, tone moja na dakika 15, hakitafika kisiwani.

Lakini nimefikiri, na sasa naweza kumjibu dada yangu. Boti nisingekuwa nayo. Mashine ingekuwa moja. Ila Doto angepata sindano saa mbili usiku badala ya saa tisa. Kipimo cha kidoleni kingemrudia kila saa badala ya kumngoja mama yake mdogo aamke. Na kiti changu kingekuwa katikati ya vitanda viwili. Hayo ni mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha. Sidai kwamba yangemwokoa. Nadai kwamba tuliyagawa usiku ule kwa kufuata kilio na kubonyea kwa kifua, kwa sababu hatukuwa na kingine cha kufuata, na kwamba mwilini mwa mtoto aliyenyamaza kulikuwa na kitu kinachopiga kelele ambacho masikio yetu hayakifikii.

Nimebadilisha namna ninavyoandika majibu. Kwenye daftari la maabara siandiki tena kwamba damu haina kitu, wala sisemi hivyo kwa mzazi. Naandika: vimelea vya malaria havikuonekana. Ni maneno marefu kidogo, na wazazi wengine huniuliza, "Sasa ana nini?" Ninawajibu kwamba sijajua bado, na kwamba ndiyo maana nawaomba wakae.

Pia nahesabu pumzi mara mbili, nusu saa ikiwa katikati, na kuandika saa pembeni. Mtoto anayekwenda juu ndani ya nusu saa ni tofauti na anayekwenda chini, hata kama namba ya kwanza ilikuwa moja. Ni kipimo dhaifu kuliko kipokezi cha Jinja, lakini kipo leo.

Shija

Wiki iliyopita mama yao alikuja. Shija alikuwa na mafua, umri wake miezi minane. Kulwa alikuja pia, ameshika pindo la kanga ya mama yake.

Nilimwomba Mama Kulwa nimweleze jambo kabla ya kumpima mtoto. Tulikaa kwenye benchi la nje, upande wenye kivuli. Nilimwambia kwamba usiku ule nilikosea kusema damu ya Doto haina kitu. Kwamba nilitafuta malaria tu, na malaria haikuwapo. Kwamba mtu akiwa na nimonia kali askari wa mwili wake hupigana hadi silaha zao zinakatika na kuelea kwenye damu, na kuna watu ng'ambo ya ziwa wanaojua kuzihesabu, lakini hapa kwetu hatujaweza. Nilimwambia sijui zilikuwa ngapi kwa Doto. Nilitumia mfano wa ndoano. Yeye ni mke wa mvuvi na hakuhitaji nirudie.

Alikaa kimya, akimbembeleza Shija kwa goti.

"Kwa hiyo ilikuwa na kitu," akasema.

"Ilikuwa nacho, Mama Kulwa."

"Alikuwa anapigana."

"Ndiyo."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, polepole, huku akitazama ziwani. Kisha akamfungua Shija na kunipa. Nilimwinua shati, nikatazama kifua chake, nikabonyeza saa, nikahesabu dakika nzima. Mara 44. Kwa umri wake kikomo ni 50. Kipimo cha kidoleni kilisoma 97.

Nikamwambia tusubiri nusu saa, nihesabu tena. Alisema hana haraka, mtumbwi unarudi saa kumi. Kulwa alikuwa ameokota kishikizo changu kitupu cha mbao pale dirishani, anaingiza kidole katika tundu moja baada ya jingine.